Dereva Ndani ya Rimu ya Mbele Kushoto

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kushika brashi, mama muosha rimu alisubiri gari la bosi lipoe. Rimu ya moto haimwagiwi maji ya baridi. Itashika madoa ambayo hata malaika hawayatoi. Halafu ndiyo sabuni laini, brashi laini ya kupenya kila pembe, maji, na kitambaa kikavu. Asidi hakuigusa. Leo inang'arisha, kesho inakula.

Rimu zilikuwa nne, za inchi ishirini na mbili. Alianza na ya mbele kushoto kwa kuwa ndimo alimokuwa mumewe.

Mumewe aliliendesha gari hilohilo miaka tisa. Siku moja tairi la mbele kushoto lilipasuka mteremkoni, gari likabingirika, naye akafa. Gari likanyooshwa, likapigwa rangi, likarudi kazini. Yeye akarudi nalo. Povu likishasuuzwa alionekana humo na shati lake la kazi, uso umepinda kidogo kwa sababu ya mviringo.

"Umekonda, mama watoto," alisema.

"Na wewe umepanuka," mkewe akajibu, akimsugua shavu, maana palikuwa na vumbi la breki.

Ijumaa hii mume hakuendelea na utani. "Kitendawili."

"Tega."

"Bibi kizee kapakwa wanja, anauzwa kama mwari."

"Tairi la bosi."

Wala hakuhitaji kupewa mji. Alifuta ile dawa nyeusi inayopakwa mpira ung'ae, akasoma tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Tairi lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Akazunguka gari. Yote manne yalikuwa rika moja. Hata lililoziba pengo la lile lililopasuka lilitoka kwenye rundo lilelile.

"Na leo kitinda mimba wetu anashika usukani," mume akasema.

Mama alijua. Bosi ndiye aliyemwita binti yao arithi kazi, kama mkono wa pole.

Bosi alitoka akiwa na kikombe cha chai.

"Bosi, baba yao anasema matairi yamezeeka."

Bosi hakuwa mtu wa kiburi. Aliinama, akamsalimu marehemu vizuri. "Dereva, huko hamjambo?"

"Hatujambo, bosi. Weka rimu za inchi kumi na nane na matairi manene, mapya, yanayobeba uzito wa gari hili. Haya membamba yamekauka."

"Wimbo uleule! Hata kufa hakujakufundisha mwingine." Bosi alicheka. "Gari kubwa na rimu ndogo ni bwana harusi kavaa kandambili. Tazama, matairi bado yana meno."

"Meno yapo, bosi. Ufizi umeoza."

"Tutaangalia mwisho wa mwaka." Bosi akagusa rimu kwa kidole. "Mama, hapa umeacha alama."

Mama akapafuta.

Binti alifika na shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili.

"Usiende nalo, mwanangu," mama alisema.

"Miaka miwili nina leseni, mama, naitumia kuwekea alama ya ukurasa kitabuni. Nitakwenda polepole." Akachuchumaa mbele ya gurudumu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Upepo umepima?"

"Nimepima jana, matairi yakiwa ya baridi. Yote sawa."

"Mteremkoni usikimbie."

"Sikimbii, baba."

Akapanda. Kiti alikivuta mbele sana, maana baba yake alikuwa mrefu.

Mama alikuwa bado amechuchumaa na kitambaa mkononi injini ilipowaka. Ndani ya rimu, mumewe aliacha kumtazama. Alijisogeza taratibu upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, akapakung'uta kwa kiganja pale palipobaki wazi.

Mama akapafuta na pale pia, mpaka pakang'aa. Kisha akasimama, gari lipite.