Meno ya Panya

Mwanamke yule alipoingia mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mtu aliyepita kuuliza njia. Alisema hajui kufuma. Hata sindano, alisema, hajui zinashikwaje.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, maktaba ikiwa imeshafungwa. Kila Jumamosi saa hizo magazeti huondolewa kwenye meza ndefu, kikatandikwa kitambaa, na Chama cha Wafumaji kikakaa: wanawake kumi na mmoja na mwanamume mmoja, fundi wa saa, ambaye alisema vidole vyake vimezoea vitu vidogo na nyumbani hana wa kugombana naye. Walikuwa wakifuma kofia za watoto wachanga za kupeleka wodi ya wazazi, na sweta za maonyesho ya mwisho wa mwaka. Sheria yao ilikuwa moja: anayejua amfundishe asiyejua.

Mwenyekiti wao, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamsha ukoo, alimtazama mgeni juu hadi chini, kisha akamgeukia mwenye funguo za chumba.

"Mkutubi, huyu wako. Wewe una subira."

Subira mkutubi alikuwa nayo, lakini zaidi alikuwa na macho. Miaka ishirini ya kulinda vitabu ilikuwa imemfundisha kumjua anayeficha kitu chini ya koti kwa jinsi anavyoaga tu. Na mgeni huyu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, anayejibu kwa kichwa kuliko kwa mdomo, alimtia wasiwasi siku ile ile. Alishika sindano vibaya kama alivyosema. Aliangusha vitanzi. Lakini uzi, kila alipouchukua, aliuzungusha kwenye kidole cha mwisho mara moja, haraka, bila kuutazama. Mtu asiyejua kufuma hazungushi uzi kwenye kidole cha mwisho. Huko ni kujua kulikozama mpaka kwenye mifupa.

Wiki ya pili wenzake walishampa mgeni jina la Kimya, na Kimya akawa anaitika. Wiki ya tatu mkutubi alimvuta fundi saa kando, kwenye rafu za kamusi.

"Yule mama anajua kufuma."

"Sasa si ndiyo tunamfundisha ajue?"

"Anajua tangu zamani. Anajifanya hajui."

Fundi saa alikuna kidevu. "Mimi nimeona watu wengi wanaojifanya wanajua. Wa kujifanya hajui, huyo ni wa kwanza. Labda anataka kubembelezwa."

"Au katumwa."

Hapo fundi saa hakucheka. Mwaka uliopita chama cha ng'ambo ya mto kilikuwa kimetundika kwenye maonyesho sweta yenye ua lile lile ambalo wao walikuwa wamelihangaikia miezi minne, na hakuna aliyejua limevukaje mto. Tangu siku ile kila mmoja alikuwa akifunika kazi yake mtu akipita, na jioni kazi zote zilifungiwa kabatini, funguo kwa mkutubi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini nguo ya nani?

Jumamosi iliyofuata mkutubi alitega mtego. Alichukua kofia iliyokaribia kukamilika, akaponyosha kitanzi kimoja makusudi na kukiacha kiteremke mistari sita, mpaka pakatokea mpasuko kama ngazi. Akaiweka mbele ya Kimya.

"Nishikie hii, dada. Nakwenda kuchemsha maji."

Hakwenda kokote. Alisimama nyuma ya rafu, akachungulia katikati ya vitabu viwili vya jiografia.

Kimya aliitazama kofia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Wengine walikuwa wamezama kumsikiliza mkunga, aliyekuwa akifundisha kisigino cha soksi kwa kutumia goti lake mwenyewe. Kimya akachomoa kibanio kwenye nywele zake, akakiingiza kwenye kile kitanzi, na kukipandisha mstari kwa mstari, mara sita. Kofia ikawa nzima. Kufumba na kufumbua! Kisha akakaa kidogo, akaitazama kazi yake, na kwa kidole kile kile akakiponyosha tena kitanzi, akakiacha kiteremke palepale kilipokuwa.

Mtu akificha ubaya unaelewa. Huyu alikuwa anaficha wema, na hilo lilimtisha mkutubi zaidi.

Alichofanya baada ya hapo hakikuwa cha heshima, na yeye mwenyewe alilijua hilo wakati mikono yake ikikifanya. Kimya alipokwenda msalani, mkutubi alifungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwa, miwani iliyofungwa kwa waya, na kofia ya mtoto mchanga, nyeupe, imefumwa nusu. Aliitoa akaigeuza aone ukingo wake.

Ukingo ulikuwa na vimeno vidogo vidogo, vitatu vitatu, kisha pengo. Meno ya panya.

Mwanzo ule wa kufuma ulikuwa wa mama yake. Uzi unazungushwa gumbani mara mbili, kila kitanzi cha nne kinarukwa. Mama aliubuni mwenyewe, akamfundisha binti yake peke yake, na binti hakuwa amemfundisha mtu. Chamani alikuwa akiutumia, ndiyo, na kofia yake moja ilikuwa imetundikwa dirishani mwa maktaba, upande wa barabara, lakini kila aliyejaribu kuuiga kwa kutazama alishindwa. Huyu ameuchotea wapi?

Kimya aliporudi alikuta meza nzima imesimama na kofia yake ikiwa mkononi mwa mkutubi.

"Ndugu zangu, huyu ndiye mwanafunzi wetu asiyejua kushika sindano," mkutubi alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Nani amekutuma? Na hii amekufundisha nani?"

Kimya aliitazama kofia, kisha akamtazama mkutubi usoni, kwa muda mrefu, kama anayetafuta sura nyingine ndani ya ile aliyoiona.

"Sijatumwa na mtu."

"Amekufundisha nani?"

"Hilo siwezi kulisema mbele za watu."

Minong'ono ikaanza. Mkunga aligonga meza, lakini Kimya alikuwa ameshauchukua mkoba wake. Kofia hakuidai. Alitoka taratibu, akaufunga mlango nyuma yake bila kuubamiza, na kwa namna fulani hilo lilikuwa baya kuliko kama angeubamiza.

Jioni ile mkutubi alimkuta mama yake kwenye kiti chake karibu na redio. Bibi yule alikuwa na miaka themanini na miwili, mikono ikimtetemeka kiasi kwamba hata kikombe alikishika kwa yote miwili. Mkutubi alimwamkia, akampa kofia bila maneno.

Mama aliipapasa kwa gumba. Akafika kwenye ukingo, akasimama. Akarudia. Kisha akanyoosha mkono na kuizima redio, yeye ambaye taarifa ya habari hakuwahi kuikosa.

"Hii hukufuma wewe."

"Hapana."

"Ni mwembamba? Anajibu kwa kichwa?"

Mkutubi akavuta kigoda akaketi. "Mama, unamjua?"

"Nilidhani amekufa," mama alisema. Maneno yaliyofuata aliiambia ile kofia. "Unakumbuka nilipokwenda kumuuguza shangazi?"

Nani angesahau? Mkutubi alikuwa na miaka saba. Mama aliondoka asubuhi moja na hakurudi kwa mwaka mmoja na nusu, na yeye na kaka yake walilelewa na bibi. Shangazi anaumwa, waliambiwa, mji wa mbali. Mama alirudi amekonda, nywele fupi, na jina la shangazi halikutajwa tena nyumbani.

"Hapakuwa na shangazi, mwanangu. Nilifungwa."

Alieleza moja kwa moja, bila kujipamba. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha sufu. Baba yao alikuwa ameshawaacha, na mwaka ule baridi ilikuwa ya kukata masikio. Basi akawa kila jioni anajiviringishia uzi tumboni, chini ya gauni, anatoka nao getini.

"Mlinzi akawa ananipa hongera. Kila siku, hongera mama, lini? Nikawa nasema karibuni, karibuni. Nilivyokuwa mpumbavu, sikujua kuacha. Mwezi wa kumi na nne akaniambia, mama, mimba gani hii isiyozaa?"

Alicheka kidogo, na kicheko kikakatika katikati.

"Niliiba, usinitafutie udhuru. Kule ndani walikuwa wakitupa nyuzi mbovu tufume soksi za askari. Kulikuwa na msichana wa miaka kama ishirini, hazungumzi na mtu, hali chakula. Nikamfundisha kufuma. Nikamfundisha meno ya panya, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Akaanza kula." Aliishusha kofia mapajani. "Umemfanya nini?"

Mkutubi alinyoosha mkono aichukue kofia, mama akaivuta.

"Nakuuliza, umemfanya nini?"

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya mchana, mkutubi alizunguka kuulizia, mpaka akaelekezwa kwa dobi nyuma ya soko. Kimya alikuwa akipiga pasi shuka za nyumba ya wageni, mvuke ukimfunika hadi mabegani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Mama amenieleza."

Pasi ilisimama. "Yupo hai?"

"Yupo. Ameuliza kama bado huli."

Kimya aliiweka pasi kwenye kisahani chake, akajifuta uso kwa kiganja, na haikujulikana anafuta mvuke au nini. Alikuwa amehamia mji huu miezi michache tu, alisema. Siku moja alipita mbele ya maktaba, akaona kofia dirishani. Alidhani atamkuta mwenyewe ndani. Akamkuta binti, mwenye sura ile ile ya mama.

"Sasa kwa nini hukusema? Kwa nini ukajifanya hujui?"

"Ningesema najua, swali la pili lingekuwa nani amenifundisha. Nami kusema uongo siwezi vizuri, umeona mwenyewe. Sikujua kama wewe unajua. Ningeanzaje? Hujambo, nilifungwa pamoja na mama yako?"

Mkutubi alicheka bila kutaka, na Kimya naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane.

Mama alikuwa ameomba jambo moja: kuhusu gereza asiambiwe mtu. Amekaa na majirani miaka arobaini kwa jina zuri, alisema, na angependa kuzikwa nalo. Hivyo Jumamosi iliyofuata mkutubi alisimama mbele ya meza ndefu akiwa na nusu tu ya maneno.

"Nilimkosea huyu dada. Hakutumwa na mtu. Nilipekua mkoba wake na nilimwaibisha. Ninaomba radhi kwake na kwenu."

"Basi alifundishwa na nani?" mkunga aliuliza.

"Hilo silisemi."

"Wiki iliyopita ulilitaka kwa nguvu."

"Wiki iliyopita nilikuwa mjinga."

"Na alijifanya hajui kwa nini?"

"Ana sababu, nami nimeiridhia."

Mkutubi aliona macho yakitoka kwa Kimya yakihamia kwake, jozi moja baada ya nyingine. Aliyafahamu macho hayo, maana yalikuwa yake wiki nne zilizopita. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba mwenye funguo za kabati siku zote alikuwa mmoja tu. Mwingine akasema ua lile halikuwa na miguu ya kuvukia mto.

"Aa, jamani," fundi saa alisema, "mkutubi hata kwa kitabu kilichochelewa siku moja anakufuata mpaka kanisani." Lakini hata yeye, aliposema hivyo, aliivuta kazi yake karibu kidogo.

Wakapiga kura kwa mikono. Kimya abaki. Funguo za kabati akae nazo mkunga. Mkutubi alizichomoa kwenye pete yake, akaziweka mezani, na kwa miezi mitatu iliyofuata hakuna aliyemwachia kazi yake hata akienda kunywa maji.

Aliyefundisha siku ile ni Kimya. Mkunga alimtaka aoneshe jinsi ya kupandisha kitanzi kilichoponyoka kwa kibanio cha nywele, na meza nzima ikainama kutazama. Alifundisha vizuri, kwa maneno machache, akishika vidole vya kila mmoja na kuvipeleka vinapotakiwa. Maonyesho yalipofika hakuna ua lililovuka mto, na sweta yao ikasifiwa. Wengine walisema ni kwa sababu funguo zilibadili mkono. Mkutubi aliyasikia, akaendelea kufuma.

Jumapili zikawa za Kimya na mama. Anakuja mchana, anaamkia, anaketi kwenye kigoda, anamshikia mama uzi, maana mama sasa anaweza kukunja donge tu. Mazungumzo yao ni machache, sentensi moja na kimya cha robo saa.

Jumapili moja mkutubi alikuwa jikoni akiosha vikombe aliposikia mama anacheka. Kicheko kikubwa cha tumboni, ambacho hakuwahi kukisikia tangu azaliwe. Kimya alisema neno kwa chini, mama akasema, "Shh, atasikia!", wakacheka tena wote wawili.

Mkutubi alifunga bomba polepole, maji yasipige kelele. Akafuta mikono, akasogea hadi ukutani, akatega sikio.

Chumbani wakanyamaza.

"Mwanangu," mama aliita, "hivyo vikombe vinaoshwa kimyakimya siku hizi?"