Maumivu Yanayohama

Yalianza gotini, yakaenda kwenye kifundo cha mguu, kisha yakahamia kifundo cha mkono wa kulia na kukaa hapo. Mimi ni msusi. Bila mkono huo sina kazi.

Saluni walisema ni kusuka kutwa nzima. Wifi yangu akasema ni baridi yabisi, na wifi akishasema, kesi imefungwa. Mume wangu akawa ananichua kila jioni, taratibu, bila neno. Nikajiona nimebahatika.

Siku niliposhindwa hata kushika chanuo, na homa imenishika, nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, hakuanza na kifundo. Aliangalia vidole, akakuta vipele viwili vitatu vyenye usaha. Mimi nilidhani ni mbu.

"Maumivu yalianzia hapa?"

"Hapana. Yalianza gotini, yakahama."

"Yakahama," akarudia. Akavuta maji ya kifundo kwa sindano, akachukua na vipimo vya ukeni.

Majibu yalipotoka alifunga pazia kwanza.

"Ni kisonono, mama. Kimeingia kwenye damu, kikatua kwenye maungio."

"Mbona huko chini siumwi?"

"Wanawake wengi hawaumwi. Ndiyo maana kinasambaa kimya kimya. Tutakulaza, uchomwe sindano kila siku. Tumekiwahi, mkono utapona. Ila mwenzako naye lazima atibiwe, la sivyo kitakurudia."

Mwenzangu ni mmoja tu tangu niolewe. Nilitegemea nitalia, nikaishia kuwaza wateja wa Jumamosi. Ilikuwa kana kwamba habari ile ni ya jirani.

Baada ya sindano chache, homa ilishuka na vidole vikaanza kukunjuka. Mume wangu alikuja na chupa ya chai. Nilikuwa nimeshapanga maneno, nisimwaibishe, asije akakasirika akagoma kwenda. Nilimwonea hata huruma.

"Baba watoto, wamesema ni kisonono. Inabidi na wewe ukachomwe sindano."

Alikuwa anamimina chai. Hakuna tone lililomwagika.

"Mimi nilishachomwa," alisema. "Hata goti lako lilikuwa halijaanza kuuma."

Akaninyooshea kikombe. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, na vidole vikakishika vizuri kabisa.