Zamu ya Yasini

Kila Moiz Jafferji aliporudi kwenye benchi, mahali pa Yasini palikuwa pa moto. Si moto wa jua, maana benchi lilikuwa chini ya bati na mbao zake nyingine zote zilikuwa baridi. Ni pale tu, upana wa mtu mmoja. Na Yasini alikuwa amezikwa siku arobaini na tatu zilizopita.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, mtu mzima, muuza vipuri mwenye mke na watoto, kusema kwamba anakalia joto la marehemu?

Wapita njia wa Raskazone, penye uwanja, bado wanadhani besiboli ni ugomvi wa watu wenye magongo. Wanakosea, mchezo ule una hesabu zake. Mpira ukirushwa kwa mkono wa kulia, mpigaji mashoto anauona vizuri zaidi. Ukirushwa kwa mkono wa kushoto, anayeuona vizuri ni mpigaji wa kulia. Kwa hiyo Kocha Hafsa wa timu ya Tanga, mwalimu wa hisabati asiyependa kubahatisha, aliweka watu wawili kwa nafasi moja: Moiz mashoto na Yasini wa kulia. Alitazama kwanza mkono wa mrushaji wa wapinzani, ndipo akaamua nani aanze na nani asubiri benchi. Mrushaji akibadilishwa, nao hubadilishwa, na aliyetoka harudi tena siku hiyo.

Wenzao wakawaita wake wenza. Yasini alilipenda jina hilo. Moiz akirudi kutoka uwanjani, Yasini alisogea kidogo, akapigapiga ubao na kumwambia, "Keti, mke mwenzangu. Nimekupashia moto."

Moiz alicheka na wenzake, lakini rohoni jina lilimchoma. Alitaka kucheza mwanzo hadi mwisho bila kutolewa, na tamaa hiyo ndiyo iliyomponza.

Alhamisi kabla ya mechi ya kwanza, iliyochezwa Muheza, alikwenda huko kupeleka vipuri. Sokoni akamkuta Timotheo, mfanyabiashara wa matunda aliyekuwa mrushaji wa Muheza, akimrushia mpakiaji machungwa juu ya lori, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Tanga nzima ilijua Timotheo ameacha kucheza kwa sababu ya bega. Mwenyewe akacheka, akasema bega limepona na Jumamosi yumo. Moiz akanunua machungwa akarudi zake. Jioni mazoezini Kocha aliuliza kama kuna mwenye habari za Muheza. Moiz alikuwa na kipande cha chungwa mdomoni. Akatikisa kichwa.

Basi Yasini akaambiwa apumzike kwao Chumbageni, gari lenyewe dogo na warushaji wa Muheza, kwa walivyojua, wote ni wa kulia. Timotheo aliingia mechi ikiwa ndiyo kwanza imechanganya. Kocha akampigia Yasini simu. Yasini akadandia bodaboda, viatu vya mchezo mguuni, na karibu na Pongwe wakakutana na lori.

Leo Muheza walikuja Raskazone kwa mechi ya marudiano. Tanga walikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu yao ya mwisho ya kupiga, wawili wameshatolewa, na aliyebaki kupiga ni Moiz. Hapo ndipo Muheza walipomwingiza Timotheo.

Kocha Hafsa akageuka kutazama benchi, pale pa Yasini, kwa mazoea. Wachezaji wote waliona, kila mmoja akainamia viatu vyake.

Moiz akamfuata. "Dada Hafsa, nitoe."

"Nimweke nani?"

"Yeyote. Timotheo nilimwona Alhamisi ile. Nilijua atacheza. Nilinyamaza ili nisitolewe."

Mwamuzi aliita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Kocha Hafsa alikuwa akimtazama Moiz kama anayesoma jibu la mtihani ambalo alishalihisi.

"Na mimi ndiye niliyemwambia aharakishe," alisema. Akamkabidhi gongo. "Nenda kapige, Moiz. Hakuna wa kukutoa tena."

Akaenda. Mpira wa kwanza ulitokea nyuma ya bega la Moiz mwenyewe na ukapita kabla hajauona. Wa pili alilizungusha gongo kwenye hewa tupu. Wa tatu hakujaribu; mitatu imempita, ametoka, na mechi imekwisha. Muheza wakaruka wakikumbatiana, na Timotheo, ambaye hakujua lolote, akamwinulia kofia kwa heshima.

Moiz alirudi benchi taratibu. Alisimama mbele ya ile sehemu ya Yasini, akiogopa kukaa kama alivyoogopa kila siku. Kisha akaweka kiganja juu ya ubao, kama mtu anayempima mtoto homa.

Palikuwa baridi. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, kote baridi. Siku arobaini na tatu alikuwa akiomba joto lile limwondokee, na sasa alipiga magoti pale chini, akausugua ubao kwa viganja vyote viwili, akilia, akijaribu kuupasha moto.