Kiti cha Mkaguzi

Wapangaji walimwita Bi Funguo, kwa sababu rundo la funguo lilining'inia kiunoni mwake na kelele zake zilifika kabla yake, watu wakapata nafasi ya kuficha walichotaka kuficha. Alikuwa na nyumba ya vyumba saba na, mara moja kila mwaka, mkaguzi mmoja wa serikali. Huyo naye walimwita Bwana Salama. Si kwamba alikuwa mtu wa amani. Ni kwamba hilo ndilo neno pekee ambalo kalamu yake ilikuwa imejifunza.

Miaka tisa mfululizo Bwana Salama alikuja na fomu yake, akaketi barazani, akagonga ukuta wa mbele mara mbili kwa kalamu kama daktari anayempima mtu asiyeumwa, akaandika "salama", akanywa chai, akaenda zake. Na miaka tisa Bi Funguo alimdharau kimoyomoyo huku akimwongezea sukari. Mwenye nyumba gani anamchukia mkaguzi mvivu?

Mwaka huu alimtaka mwenye macho.

Mwaka uliopita aliukata mti mkubwa wa uani. Mizizi ikaoza, udongo ukatitia, ukuta wa nyuma ukapasuka. Ufa ulianzia chini ya dirisha ukapanda mpaka darini, na kidole kiliingia bila kubisha hodi. Chini ya ufa huo alilala mshonaji mmoja na kichanga chake cha wiki sita. Bi Funguo alimwomba ahamie sebuleni kwake, bure.

Mshonaji alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

"Bure? Wewe, bibi? Uliyeninunia mwezi mzima kwa msumari wa kalenda? Unataka kunitoa umweke mwingine. Sitoki ng'o! Labda serikali iniandikie."

Ukali wa Bi Funguo wa miaka yote ulikuwa umetoa ushahidi dhidi yake.

Basi Bwana Salama akaja, viatu vinang'aa kama havijawahi kukanyaga uani kwa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mheshimiwa. Leo tunaanzia nyuma."

"Ah, nyuma napafahamu."

"Kuna nini?"

Akafungua fomu. Ilikuwa imeshajazwa yote. "Ukuta wa nyuma, imara," akasoma. "Mti, uko mbali na msingi."

Bi Funguo akatazama uani, palipobaki kisiki kilichoota uyoga.

"Huo mti unaouona peke yako, baba, bado una kivuli?"

"Ni utaratibu tu wa kuandika, mama. Nyumba yako haina tatizo, ushukuru."

"Andika kuna hatari kwa mshonaji."

Bwana Salama akashusha sauti. "Mwaka jana niliandika salama. Nikigeuka leo, ofisini wataniuliza nilikuwa naangalia nini."

"Ulikuwa unaangalia kikombe changu," Bi Funguo alitaka kusema. Badala yake akavaa upole wa kuazima. "Haya, basi unywe chai tu. Ila barazani jua kali. Njoo ndani kwa mshonaji."

Akamwekea kiti, mgongo kwenye ufa kabisa. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake, kichanga kimelala kitandani, hatua moja kutoka ukutani. Kila alipokanyaga cherehani, sakafu ilitetemeka na vumbi la lipu likadondoka taratibu, likaingia kwenye chai ya mgeni.

Bwana Salama akainua macho. Akakisogeza kiti kidogo.

"Kiti kinakusumbua, mheshimiwa?"

"Hapana. Upepo."

"Dirisha limefungwa."

Cherehani ikalia tena. Punje ya lipu ikatua begani kwake, akaipangusa kama inzi, akasogea tena. Halafu tena. Bi Funguo akamimina chai, akamsifia viatu, akamuuliza habari za mkewe. Kikombe cha pili kilipoisha, mtu wa serikali alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama mbuzi anayesubiri kufukuzwa.

Cherehani ikanyamaza. Mshonaji alikuwa anatazama sakafu. Miguu ya kiti ilikuwa imechora mistari kwenye vumbi, kutoka kwenye ufa mpaka kizingitini. Akatazama kitanda.

"Mwanangu hawezi kusogeza kitanda," akasema.

Akamnyanyua mtoto, akampita mkaguzi bila kumwomba njia, akaelekea sebuleni kwa bibi. Alirudi mara moja tu, kuchukua nepi.

Bwana Salama akashusha pumzi. "Basi mama, si mambo yamekwisha? Ameshatoka mwenyewe. Fomu ibaki ilivyo."

Bi Funguo akakifunga chumba, akauchomoa ufunguo wake kwenye rundo, akautia kwenye mfuko wa shati la mkaguzi, pale pale inapokaa kalamu.

"Huo ni wako. Ukiandika salama, uje ulale humo na mkeo. Ukiandika hatari, nirudishie."

Kalamu ikatoka. Iliandika pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza, neno ambalo haikulizoea. Bwana Salama akafunga fomu, akageukia njia ya kutokea.

"Unakwenda wapi?" Bi Funguo akamzuia kwa mkono wenye funguo. "Hiyo kalamu ndiyo mvivu, wewe makalio yako yanajua kazi. Beba kiti. Vimebaki vyumba sita."