Umeme wa Arusi ya Atuganile

Mwaka wa hamsini na nne Asukile alifunga dinamo kwenye kijito chini ya mlima Loleza, akawa anauza umeme. Mama Atuganile, aliyetaka taa kwa arusi ya bintiye, akamwendea na kibuyu, kama tulivyozoea kununua mafuta.

“Nijazie, baba. Na nyongeza usisahau.”

“Umeme hautekwi, mama, unapita kwenye waya na kuliwa papo hapo unapopikwa. Tena jioni mashine ya Jailos inasaga mahindi. Mkiutaka pamoja, taa zako zitasinzia.”

“Si asage asubuhi, wakati hakuna anayeutaka?”

“Nikimpunguzia bei, atakubali.”

Jailos alikubali bila kuulizwa mara ya pili.

Jioni ya arusi mashine ilinyamaza, ukungu ukashuka. Taa zilipowaka, nawaapia, mwanga ulijaa ukumbini ukafurika madirishani, ukateremka taratibu kama maziwa hadi mashamba ya mpunga ya Ubaruku, mbali kule bondeni. Majogoo wa Wasangu wa huko wakawika, wakidhani kumekucha. Wachezaji walielea kidogo, viatu mkononi.

Mama Atuganile alimtazama bintiye katika mwanga ule kutoka mwisho wa ukumbi, akamnong'oneza mumewe:

“Kumbe mtoto amechukua pua yako, maskini!”