Saini ya Soda

Maingi, wakala wa kampuni ya ujenzi, alikuja mkutanoni na maghorofa yake ya mfano, akayapanga mezani: majengo ya plastiki, miti ya plastiki, hata mbwa wa plastiki. Watu alisahau kuwaweka. Kutoka safu ya mbele ya ukumbi wa mtaa, Nzilani alikitazama kiatu chake kilichochongoka na tai iliyomkaba kama kamba ya mbuzi wa mnada.

"Nyumba hizi kuukuu tunabomoa," alisema Maingi. "Mtahama kwa muda tu, kisha mrudi."

"Muda gani?" aliuliza Mzee Muthama, mchonga vinyago, jirani wa Nzilani kwa miaka thelathini na mmoja.

"Mzee, maendeleo hayaulizwi saa."

Wasaidizi wake wawili wakacheka. Hiyo ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Watu wa mtaa wa pili nao waliambiwa "kwa muda". Leo maghorofa yao yanakaliwa na wageni.

Ikaja desturi ya mikutano yote: utie saini, upewe soda na mkate. Foleni ikajipanga.

"Ni ya soda tu, wazazi wangu," Maingi alisema, sauti imelainika kama ya mkwe.

Mzee Muthama alikuwa ameshashika kalamu. Nzilani akainama aone. Miaka ishirini alikuwa karani wa mahakama ya Makadara. Karatasi alizijua kama mama mboga anavyoijua sukuma wiki iliyolala. Hii haikuwa na kichwa. Juu ya majina ilibaki nafasi ya vidole vinne, ikingoja kujazwa baadaye: sisi wapangaji tumekubali kuhama. Mchezo wa kitoto. Kortini aliuona ukichezwa na matapeli wenye haya kuliko huyu.

"Mzee, hebu nipishe."

Akaandika katika ile nafasi, kwa herufi kubwa: TUMEPEWA SODA. HATUJAKUBALI KUHAMA. Akatia saini, akamrudishia Mzee Muthama kalamu.

"Mama! Umeniharibia fomu!"

"Fomu gani, mwanangu? Si ulisema ni ya soda?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Maingi akaifuata karatasi, lakini ilishapita nyuma, mkono kwa mkono, ikisainiwa na kupigwa picha kwa simu.

Akakusanya maghorofa yake kwa pupa. Moja likaanguka. Mzee Muthama akaliokota, akaligeuza mkononi kama kinyago kibovu.

"Kumbe hata mlango wamechora tu," akasema, akamtupia.