Pengo la Kitakoni

Nusu ya msafara wa Bwana Mkubwa ilikuwa imeshavuka daraja la handaki, na nusu bado inatoka langoni, nilipomfikishia Yasokichi udongo. Mji mzima ulikuwa na neno moja: Bwana Mkubwa anakwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto, ng'ambo ya milima. Tuliambiwa tuseme hivyo, tukasema.

Yasokichi alikuwa mfinyanzi wa ngome, kama baba yake na babu yake. Mabakuli ya chai aliyoagizwa na Bwana Mkubwa yalikuwa yamefudikizwa juu ya mbao, udongo umekauka nusu. Hapo ndipo kisu hukata. Jua likishapanda, kisu hukwaruza tu.

Sheria ilikuwa hivi: bakuli lenye kitako kizima ni la ngome. La kuuzia watu wa mjini sharti likatwe pengo kitakoni, lihesabiwe bovu, ndipo mtu wa kawaida aruhusiwe kulinywea.

"Baba Eisuke, kata mapengo," mkewe Otaki alisema.

"Nimkatie Bwana Mkubwa pengo? Akirudi, shingo yangu utaishona wewe?"

"Harudi."

"Amekwenda kuoga."

"Amechukua vibao vya mizimu ya wazee wake. Amechukua makabati. Amechukua na paka. Paka naye anakwenda kuoga?"

Yasokichi akanitazama. Nikasema mambo ya paka siyajui.

"Tukiyachoma mazima na mwenyewe hayupo, nani ataruhusiwa kuyanunua?" Otaki aliendelea. "Tutakula udongo? Pengo si msiba. Wewe mwenyewe unalo mdomoni, na bado nakutumia."

"Nitamwuliza msimamizi wa ngome."

Akatoka na matope yake mikononi. Nikamfuata, maana ng'ombe wangu wa mkokoteni alikuwa amezibiwa njia na msafara. Msimamizi, Bwana Inui, alikuwa nyuma kabisa ya msafara, amepakata birika. Yasokichi akapiga magoti barabarani.

"Mheshimiwa, Bwana Mkubwa atarudi lini?"

"Akishatakata."

"Na huchukua muda gani, Mheshimiwa?"

Inui akaitazama ngome, kisha birika. "Safari hii uchafu ni mwingi," akasema, akaenda zake.

Yasokichi alirudi polepole. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mbao. Akachukua kisu. Bakuli la kwanza alilikata huku akiomba radhi, la pili bila kuomba. La mwisho lilikuwa limeshakauka, kisu kikateleza, akaliacha zima.

"Hilo ni la ukaidi wako," Otaki alisema.

Bwana Mkubwa hakurudi. Ngome ilibomolewa, mbao zake zikauzwa, yakabaki mawe na handaki. Bwana Inui alipanda michungwa uani, ikamlisha vizuri kuliko cheo. Habari za paka sikuzipata. Mabakuli yale yalivuja mwanzoni, ndiyo tabia ya udongo wetu, wanunuzi wakalalamika. Chai ilipoziba nyufa na rangi ikageuka, wakajisifu nayo. Yasokichi alikufa kwa kifua. Otaki alilitilia lile bakuli zima figili za chumvi mpaka naye akafa.

Siku hizi sheria ile haipo, lakini mnunuzi hulipindua bakuli kwanza, alitafute pengo. Mwaka jana Eisuke alilipeleka la baba yake sokoni. Mtu mmoja akalipindua, akapapasa kitako, akaliweka chini.

"Hili si la hapa," akasema.

Eisuke akalirudisha kwenye figili.